Walivyoisifu Mikono Yangu

Kama unasoma haya huku mikono yako inawasha, na unajua kabisa kwamba umenawa muda si mrefu uliopita, na bado unatafuta kisingizio cha kurudi bombani, basi ni wewe ninayekuandikia. Wengine wasome wakipenda. Sina ugomvi nao, ila wamenichosha.

Wengi wao hutaka kujua kitu kimoja tu. Wakisikia kwamba nilibebeshwa bunduki nikiwa na miaka kumi na moja, kule mashariki ya Kongo nilikozaliwa, hunisogelea kidogo, wakashusha sauti, wakauliza, "Uliua wangapi?" Watu wazima, wenye mvi na wajukuu, na kikombe cha kahawa mkononi. Nimeulizwa hivyo harusini. Nimeulizwa na mtu aliyekuwa akinijaribisha viatu dukani. Walikuwa wakinitia kichefuchefu, na kwa muda mrefu nilidhani kichefuchefu hicho ni sehemu ya ugonjwa wangu. Sasa nimepona, au nimepona kiasi cha kuweza kushika kalamu, na bado wananitia kichefuchefu. Kumbe ule haukuwa ugonjwa.

Niliyoyafanya katika ile miaka minne nimewaambia watu wawili, na wewe hutakuwa wa tatu. Nitakwambia habari za kunawa na kula.

Mkubwa wetu kule porini alikuwa na sheria yake. Tukirudi kutoka kazini, maana yeye akiita kazi, hakuna ruhusa ya kunawa. Mto ulikuwa hapo hapo, maji unayasikia. Tulikaa kulizunguka bati la kuezekea lililolazwa chini, limejaa nyama ya mbuzi wa watu, tukala kwa mikono ile ile na kilichokuwa kimeganda juu yake. Alisema hivyo ndivyo watoto wanavyokuwa ndugu. Aliyekwenda mtoni alihesabiwa mwoga, na mwisho wa waoga tuliuona kwa macho yetu. Sasa nitasema jambo ambalo nililificha kwa miaka tisa, nalisema mapema ili usije ukadhani nalizungukazunguka. Nilikuwa na njaa, na ile nyama ilikuwa tamu.

Tulipotolewa porini tulipelekwa kituo cha kurekebisha watoto, kando ya ziwa. Nisiwaonee, walitupatia magodoro na dawa za minyoo. Lakini kila baada ya wiki mbili walikuja wageni, nasi tukapewa penseli za rangi tuchore vita upande mmoja wa karatasi na amani upande wa pili. Mimi nilichora nyumba yenye jua juu yake, kwa sababu niligundua kwamba wachora nyumba walikuwa wanaruhusiwa kuondoka mapema. Nilifundishwa useremala miezi mitatu, nikatengeneza kigoda, nikapewa cheti kwamba nimerekebishika. Kigoda kilikuwa kinayumba. Kila mtu alikuwa na sahani yake ya plastiki na kijiko chake, kwa hiyo hakuna aliyeona kitu, hata mimi mwenyewe.

Ami Khalfan, kaka yake baba yangu, ndiye aliyenitoa huko. Babu yangu alitoka Ibra, Oman, akiwa kijana kwenda kufanya biashara bara ya Afrika, kama walivyofanya wengi wa mkoa ule wa Sharqiyah, akazaa huko. Ami alirudi Oman zamani na kumwoa Bi Salma, mzaliwa wa Unguja mjini. Baba yangu alibaki Kongo, akamwoa mama, na vita vikawachukua wote wawili. Ami alinitafuta miaka kadhaa. Alihangaikia karatasi, majina na mashahidi, mpaka nikashuka Maskati nikiwa na miaka kumi na sita na begi moja. Hilo silisahau, na nitakapomsema vibaya hapa mbele, ulikumbuke na wewe.

Siku ya kwanza Ibra, mchana, Bi Salma akaweka sinia chini. Wali, na mbuzi juu ya wali. Ami akakunja mkono wa kanzu. Wewe uliyekulia desturi hii unajua kinachofuata. Mwenye nyumba huinyofoa nyama iliyo nzuri kwa vidole vyake na kuiweka upande wa mgeni, tena na tena, mpaka mgeni aape kwamba ameshiba. Bi Salma alinyofoa pande la paja, akaliweka mbele yangu. Niliitazama mikono mitatu iliyolizunguka sinia lile la bati, na mmoja ulikuwa wangu. Nikatapikia zulia.

"Kachoka na safari huyo, maskini," alisema Bi Salma, akafuta.

Kutoka siku hiyo nikawa nala jikoni peke yangu, kwa sahani na kijiko. Wao walisema nimezoea mambo ya kituoni. Kila siku kwa muda wa wiki nzima Bi Salma aliniuliza kama leo nitakuja siniani, na baadaye akawa ananiuliza mara moja kwa mwezi, na hakuacha.

Kunawa kulianza kidogo kidogo. Katika udhu kiungo huoshwa mara tatu. Mimi nilianza na tatu, nikaenda saba, nikaishia kutohesabu. Na hapa ndipo ninapotaka uwe macho, kwa sababu kama ungekuwa unakunywa pombe au unapiga watu, mtu angekuzuia. Lakini ukinawa katika mtaa kama wetu, ambako twahara ni nusu ya mazungumzo na watoto hufundishwa masharti ya maji kabla ya kujua kusoma, hakuna anayekuzuia. Wanakusifu.

Walinisifu miaka saba. Nilikuwa wa kwanza kufika msikitini na wa mwisho kutoka kwenye mabomba. Wazee walinionyesha kwa vidole. Ami alinigeuza mfano wa mazungumzo yake yote pale sablani, ule ukumbi wa mtaa ambako wanaume hukaa kwa kahawa na kupokea rambirambi.

"Mwangalieni huyu," alisema siku moja, nami nimekaa pale pale. "Katoka kwenye mapanga, wallahi, na hebu mwone anavyoshika udhu wake. Nyinyi mmezaliwa na mfereji wa faleji mlangoni, mnajirashia tu kama kuku."

Wakacheka, wakaniombea. Mimi nilikuwa nimeficha mikono ndani ya mikono ya kanzu, kwa sababu ilikuwa inatoa usaha.

Wakati wa joto maji ya bomba Ibra hutoka yanaunguza, maana tangi liko juu ya paa linapigwa na jua tangu asubuhi. Watu huyakinga kwenye ndoo yapoe. Mimi niliyapenda vile vile yalivyo. Sabuni haikutosha, nikaingia kwenye dawa ya kusafishia choo. Ngozi ilipasuka katikati ya vidole, kucha mbili zikalegea, na viganja vikawa vyeupe na laini kama vya mtu aliyezama. Sikuweza kufunga kifungo. Kazini, dukani tunakotengeneza milango ya alumini, nilivaa glavu kutwa, na nikizivua harufu iliyotoka humo ilikuwa ya sabuni na kitu kilichooza. Nilijichukia mpaka nikawa naona haya kujishika mwenyewe. Na nikitoka nje, mtu ananiambia, "Mashaallah, Masudi, mikono yako ina nuru."

Basi akafa jirani yetu, Mzee Hamad, mwishoni mwa miaka hiyo saba, baridi ikiwa inaisha. Ami alikuja mwenyewe dukani kunichukua.

"Mzee Hamad katangulia. Wanakuita wewe."

"Kufanya nini, Ami?"

"Kumwosha. Watoto wake wamekutaka. Wamesema hakuna mtu mtaani mwenye mkono wenye twahara kuliko wako." Macho yake yalikuwa na machozi, na si ya msiba. Alikuwa anaona fahari.

Nilipaswa kusema hapana. Wewe labda ungesema hapana, lakini usiwahukumu waliomwita mtu kama mimi, maana walitoa heshima kubwa waliyokuwa nayo. Nikaenda. Katika chumba cha kuoshea tulikuwa watatu: mimi, mtoto mkubwa wa marehemu, na mtunza msikiti. Marehemu kafunikwa kitovu mpaka magotini. Tukamwosha kwa maji, kisha kwa maji ya majani ya mkunazi, kisha kwa kafuri, na kwa mtu mwingine yeyote kazi ingekuwa imekwisha hapo.

Nikaona tone jekundu begani kwake. Ilikuwa damu yangu, vidonda vilikuwa vimefunguka ndani ya glavu na glavu imechanika. Nikaosha bega. Nikiosha, linadondoka jingine kifuani. Nikaosha kifua. Damu ni najisi, huwezi kumwacha maiti hivyo, kila mtu chumbani alilijua hilo. Kadiri nilivyomwosha ndivyo nilivyomchafua, na kadiri nilivyomchafua ndivyo nilivyomwosha. Nilizivua glavu ili nifanye vizuri zaidi, na hapo ndipo walipoiona mikono yangu kwa mara ya kwanza, ile mikono yenye nuru. Mtunza msikiti alirudi nyuma mpaka ukutani. Yule mtoto wa marehemu akanishika vifundo vyote viwili, akasema taratibu, "Inatosha, ndugu yangu. Baba kesha kuwa safi. Inatosha." Nilimvuta. Akanishika tena. Sijui ilichukua muda gani, ila jeneza lilichelewa na watu nje walianza kuulizana.

Hakuna aliyenisifu tena. Sablani, nilipoingia, walisogea kunipa nafasi pana kuliko ninayoihitaji.

Ami alisema ni jini. Akanipeleka kwa mwalimu mmoja wa kijiji cha jirani, akanisomea, mtu mpole, sina la kumlaumu, kisha akanipa galoni mbili za maji yaliyosomewa, ninawe asubuhi na jioni. Mgonjwa wa kunawa akapewa maji. Nilicheka ndani ya gari mpaka Ami akaona hiyo ndiyo dalili yenyewe ya jini.

Aliyenisaidia ni Bi Salma. Kila Jumatano huenda kwenye soko la wanawake hapa Ibra kuuza uturi na udi, na Jumatano moja alirudi mapema, akaninusa kabla ya kunisalimu.

"Khalfan, mtoto huyu anaoza," alimwambia mumewe, mbele yangu. "Jini haliozeshi vidole. Kesho nampeleka hospitali, na wewe kaa na galoni zako."

Daktari wa ngozi aliigeuza mikono yangu juu na chini, akaniuliza kwa Kiarabu nanawa mara ngapi kwa siku. Nikasema mara tano, kama kila Mwislamu. Akanitazama usoni kwa muda mrefu zaidi ya alivyoitazama mikono. Akaandika dawa ya kupaka, na akaandika barua ya kwenda mji wa Nizwa, kwa madaktari wa maradhi ya nafsi na akili.

Sasa nikupe habari za chumba cha kungojea, kwa sababu ndicho kitakachokutisha kuliko daktari. Viti vyote vimeelekea upande mmoja, ili watu wasitazamane. Wanaume hushusha ncha ya kilemba usoni kama kwamba kuna vumbi. Mara ya kwanza nilimwona mtu wa Ibra ninayemjua, tunaswali safu moja. Aliniona, nikamwona, tukageuka sote kuitazama televisheni ambayo ilikuwa imezimwa. Tumekutana hapo mara sita na hatujawahi kusalimiana hapo. Mtaani tunakumbatiana. Uoga huu nao unanichefua, nami ninao vile vile.

Bi Salma hakuwa nao. Alikuja na chupa ya chai na mkate wa ufuta umefungwa kitambaani, akawagawia watu wote, hata waliojifunika. Kisha akaanza kunisimulia kila mtu kwa Kiswahili, kwa sauti yake ya sokoni.

"Yule wa miwani ya jua, jua gani humu ndani? Si bure. Na huyu wa mwisho kanenepa, kafiwa na mke huyu, anaonekana tu."

"Bi mkubwa," alisema muuguzi aliyekuwa akipita, "shikamoo. Humu ndani nusu yetu tunasikia Kiswahili."

"Marahaba, mwanangu," alisema Bi Salma, bila kuona haya hata kidogo. "Basi chukua mkate."

Huyo ndiye Rahma, ambaye wazee wake ni wa Pemba, na ndiye aliyenitibu pamoja na daktari. Vidonge nilianza wakati wa joto kali, tende za kuchemsha zikiwa motoni na moshi wake umetanda mashambani. Wiki tatu tumbo lilikuwa linaungua, ulimi mchungu, jasho la shingoni halikauki. Baadaye nikanenepa. Kanzu zote zikabana kifuani, na nikawa nalala kama gunia. Sikujipenda hivyo, lakini nilikuwa najichukia kwa sauti ya chini zaidi, na hayo yalikuwa nafuu.

Tiba yenyewe haikuwa vidonge. Tiba yenyewe ilikuwa chafu. Rahma alinipa kitu nishike, kisha haniruhusu kunawa. Alianza na kitasa cha mlango. Akaja na wali wa baridi. Mwezi wa tatu wa tiba akaleta kipande cha nyama ya mbuzi yenye mafuta ndani ya kibakuli, akaniambia niishike kwa vidole vyote vitano.

"Unajisikiaje?"

"Nataka kutapika."

"Tapika, ndoo hiyo hapo. Ila hunawi."

Nikatapika. Sikunawa. Tulikaa dakika hamsini, mafuta yakaganda katikati ya vidole vyangu kama yalivyokuwa yakiganda kule, na nilimchukia Rahma kuliko nilivyomchukia mkubwa wetu wa porini, kwa sababu yule angalau alikuwa anapiga kelele. Kisha, bila mimi kujua lini, kile kinyaa kikapungua. Hakikuondoka, kilipungua tu, mpaka nikasikia njaa. Nikaona aibu kubwa kwa hiyo njaa. Nikamwambia Rahma yale ya bati na utamu wa nyama, na yale mengine yote. Hakushtuka. Aliniuliza nilikuwa na umri gani. Nikasema. Akaandika umri, hakuandika kingine.

Nyumbani, baada ya swala ya alasiri, Bi Salma alinipaka dawa kidole kwa kidole, akanivika soksi nyeupe za pamba mikononi, akanifunga vifundo kwa utepe. Hakuwahi kuniuliza kitu. Alizungumza habari za bei ya ubani huku anapaka. Ngozi mpya ilianza kuota, nyekundu na ngeni. Vifungo vikarudi kufungika.

Baridi ilipokolea, Rahma akasema yuko mtu nyumbani anayestahili kujua. Ningeweza kumchagua Bi Salma, na ingekuwa rahisi. Nilimchagua Ami, kwa sababu ndiye aliyeisifu mikono yangu, nami nilichoka kusifiwa na mtu asiyejua anasifu nini. Wakati huo yeye ndiye aliyekuwa akinipeleka Nizwa kila wiki mbili, akingoja garini, hashuki. Tukiwa njiani kurudi, tumeikaribia Izki, nikaanza.

"Ami, nataka kukwambia kwa nini sili na nyinyi."

"Sema, mwanangu."

Nikamwambia. Barabara ilikuwa tupu na milima imesimama pande zote. Alikuwa anaendesha polepole, mikono miwili kwenye usukani.

"Hiyo damu mikononi," akasema, "ilikuwa ya mbuzi."

"Hapana, Ami."

"Na ukala."

"Nikala."

"Ukashiba?"

"Nikashiba. Ilikuwa tamu."

Mbele kidogo akaingia kituo cha mafuta, ingawa tangi lilikuwa limejaa. Akashuka, akaenda bombani, akanawa mikono. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni. Alinawa kama mimi nilivyokuwa nikinawa, katikati ya vidole, mpaka kwenye viwiko. Akarudi, akawasha redio.

Kesho yake mchana, Bi Salma alipoweka sinia, Ami alisema tumbo linamsumbua, atiliwe kwenye sahani. Akaenda kukaa ukutani na sahani yake magotini. Na mchana ule ule, kwa amri ya Rahma, mimi nilikuwa nimekuja kukaa siniani kwa mara ya kwanza tangu nilipotapikia zulia. Nilitia mkono wangu wa kulia kwenye wali, mbele ya macho yake, nikala. Bi Salma alininyofolea kuku, akaniwekea upande wangu. Alitutazama mmoja mmoja.

Tumbo la Ami liliuma miezi minne. Liliuma Ramadhani nzima, kila futari, yeye na sahani yake ukutani. Sikujua kwamba binadamu anaweza kunichefua hivyo kwa kula tu. Nilikitazama kijiko chake kikigonga sahani na nikaona kila kitu kibaya ndani yake: mtu aliyenisifu miaka saba kwa ugonjwa wangu, akaja kunionea kinyaa wiki niliyoanza kupona. Aliupenda uongo wa mikono yangu. Ilipokuwa kweli, hakuweza hata kutia wake karibu. Nilitafuta kazi mji wa Sur, nikaipata, ya milango vile vile, na chumba juu ya duka. Nikamwambia Rahma kwamba baada ya Idi Kubwa naondoka, na sitarudi nyumba ile ila kwa maziko.

"Una haki," alisema. "Wewe ulipokuwa unakula jikoni peke yako, walikungoja muda gani?"

"Sikuwaambia waningoje."

"Nimeuliza muda gani."

Miaka saba na kitu. Nilikasirika njia nzima, kwa sababu nilikuwa nimeshapanga hasira zangu vizuri na yeye amenivurugia.

Idi ikafika, joto limeanza upya, mwaka mzima tangu vidonge vya kwanza haujatimia bado. Watu wa mtaa wakaifunga nyama yao yenye viungo kwenye majani, wakaitia kwenye vikapu vya makuti, wakaifukia katika tanuri la pamoja. Siku ya tatu ya Idi ikafukuliwa. Miaka yote hiyo sikuwahi kusogelea lile shimo, kwa harufu yake. Safari hii nilikwenda mwenyewe nikabeba kikapu chetu mpaka nyumbani, moshi umeniingia kifuani, na mara mbili nilisimama njiani nikadhani nitatapika. Sikutapika. Begi langu la Sur lilikuwa tayari mlangoni.

Bi Salma akaweka sinia. Ami akakaa ukutani, kama kawaida yake, akangoja.

"Sahani yangu," akasema.

"Hakuna sahani," alisema Bi Salma. "Nimeziazimisha. Jirani wana wageni."

"Zote?"

"Zote."

"Hata kisahani cha kikombe?"

"Khalfan, hata kisahani. Leo nyumba hii ina sinia tu. Mwenye njaa aje, asiye nayo alale."

Nyama ilikuwa imefunuliwa, na harufu yake imejaa chumba. Ami alikaa muda, ndevu zake zimeelekea chini. Halafu akainuka kwa tabu ya magoti yake, akaja akakaa mbele yangu, upande wa pili wa sinia, mikono juu ya mapaja. Hakuitia. Bi Salma, ambaye maisha yake yote hakuacha mgeni angoje, safari hii alikunja mikono yake akatulia.

Basi nikanyofoa mimi. Nyama ya shimoni haina ugomvi, inaachia mfupa yenyewe. Nikaiweka kwenye wali, upande wake. Aliutazama mkono kwanza, ile ngozi mpya, makovu meupe ya katikati ya vidole. Nyama aliitazama baadaye.

"Umenawa?" akauliza.

"Mara moja, Ami."

Alitikisa kichwa kama mtu anayekubali bei asiyoipenda. Akaitwaa ile nyama kwa vidole vitatu, akaitia kinywani, akatafuna taratibu, macho yake yamejaa maji.

"Hii ina mafuta mengi," akasema. "Ninyofolee ya begani."

Nikamnyofolea ya begani.